Mchanga Umekula Mgongo wa Gurudumu

Alhamisi, Machi 1956

Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa jioni haijaonyesha nia ya kukata. Naandika nikiwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, mikono inanuka moshi na sabuni. Nimechoka. Si uchovu wa kazi. Huo naujua, ukilala unakwisha. Huu ni uchovu wa kushindana na vitu visivyo na masikio.

Chuma hakisikii. Baba mkwe hasikii. Bruda Anselmo anasikia, lakini anapenda kuambiwa jambo lile lile mpaka mwambiaji achoke.

Wacha nianzie mbali kidogo, nisije nikasoma haya uzeeni nikashindwa kuelewa nilikuwa nakasirikia nini.

Mimi ni fundi wa misheni hii ya kilimani, njia ya kutoka Iringa kwenda Idodi, kabla barabara haijaanza kuteremkia kwenye joto. Nimezaliwa Rungwe, nikajifunza kuchomelea vyuma kwenye machimbo ya dhahabu kule Makongolosi, na kilichonileta huku ni ndoa. Perpetua, mke wangu, ni Mhehe wa kijiji hiki kilicho chini yetu. Mpaka leo wananicheka ninavyotamka Kihehe, nami nimeacha kujitetea.

Kazi yangu kubwa ni gurudumu la maji. Liko bondeni, ndani ya kijumba chake cha mawe. Maji ya mto yanakuja kwa mfereji, yanaingia kati ya mapanga yake yaliyopinda, yanalizungusha. Nalo kwa mkanda linaendesha vitu viwili: mashine ya kusaga mahindi, na pampu inayopandisha maji kilimani mpaka hospitali, kwenye wadi ya wazazi. Gurudumu likisimama, kina mama wanarudi kwenye kutwanga, na maji ya hospitali yanapanda kilima juu ya vichwa vyao hao hao.

Sasa gurudumu lenyewe ni chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu kama uji kwenye bakuli. Ni chuma kizuri cha kubeba mzigo. Lakini ndani yake kuna chembe nyeusi laini, kama ile risasi ya penseli, zimetawanyika kila mahali. Maji safi hayakifanyi kitu. Maji yenye mchanga yakipita kwa kasi, mchanga unazikwangua zile chembe kwanza, halafu unarudi kula kilichobaki. Masika moja tu, mapanga yanakuwa membamba kama jani la mgomba na kingo zake zina meno kama msumeno.

Tuna birika kubwa la kutuliza mchanga pale mfereji unapoanzia. Masika, likizolewa asubuhi, mchana limejaa. Hata kuzoa nimechoka.

Wazo la kuichoma ngozi ya chuma lilitoka kwenye gurudumu la zamani. Siku moja nilipolifungua nikaona panga moja lina uvimbe, kama kovu la mtu aliyeungua. Pale ndipo nilipowahi kupitisha moto wa gesi kuziba ufa, nikayeyusha chuma chenyewe kidogo juu juu bila kuongeza kitu. Kumbe palibaki vile vile wakati pembeni pote palikuwa pameliwa. Lile kovu halikuvimba. Ni mwili uliokuwa umekonda.

Nikamwita Bruda Anselmo. Yeye ndiye msimamizi wa karakana, mzee mrefu mwenye ndevu zilizobabuka kwa cheche, ametoka ng'ambo zamani sana. Alipiga magoti matopeni, akapitisha kidole gumba pale, kisha akalivunja lile panga kwa nyundo tulione ndani. Ndani lilikuwa la kijivu kama kawaida. Ngozi yake ya juu ilikuwa nyeupe, inang'aa kama jino.

"Kwetu plau zilifanywa hivi," alisema. "Chuma kikiyeyuka juu tu, halafu kikapoa ghafla, zile chembe laini hazipati nafasi ya kujitenga. Zinafungwa humo humo. Ngozi inakuwa ngumu kama kioo."

Nikafurahi. Nilidhani kazi imekwisha.

Kioo ndilo neno nililopaswa kulisikiliza, maana kioo ni kigumu na kinapasuka.

Kwa miezi mingi tuliligeuza lile gurudumu la zamani kuwa la majaribio, na kwa miezi mingi lilinitukana. Mara ya kwanza nilichoma panga likiwa baridi, na kwa kuwa nilishaambiwa lipoe ghafla, nikalimwagia maji. Lilipiga kelele moja ndogo, tik, na ufa ukakimbia kutoka ukingoni mpaka kwenye kitovu. Bruda akasema lazima tulipashe moto gurudumu lote kwanza. Nikabisha siku mbili tatu, kwa sababu sipendi kusahihishwa na mtu anayevuta kiko. Kisha tukalipasha, tena tukalipasha mpaka likawa jekundu. Halikupasuka. Lakini tulipolijaribu kwa tupa, tupa iliuma kama inauma mti wa mparachichi. Lilikuwa limepoa polepole mno, zile chembe zikajitenga tena, tukarudi tulikoanzia.

Likiwa baridi linapasuka, na likizidi moto linalainika. Kati ya hapo kuna njia nyembamba, na chuma hakina uso wa kukuonyesha kimefika wapi kabla hakijawa chekundu.

Ndipo nikakumbuka Makongolosi. Kule tulikuwa tukipaka sabuni ya mche kwenye vyombo kabla ya kuvichomelea. Sabuni ikigeuka rangi ya chai ya maziwa bado, ikiwa rangi ya kahawa tayari. Tukajaribu. Bruda alisogeza rangi mbele kidogo, mimi nikairudisha nyuma kidogo, tukagombana juu ya maana ya neno kahawa, mpaka tukapata panga moja ambalo halikupasuka na halikuumwa na tupa. Siku hiyo tulishikana mikono kama watu waliosuluhishwa kwa chifu.

Tukalichoma gurudumu la akiba, tumbo la kila panga, upande ule unaopokea maji. Tukalifunga kabla ya masika. Bruda alikuwa ameagiza gurudumu jipya la chuma kigumu kutoka ng'ambo, lakini meli ni meli, huja inapotaka. Nikasema moyoni, acha ije inapotaka.

Haya ndiyo ya nyuma. Sasa ya juma hili.

Tangu Jumapili maji ya wadi yalianza kupungua nguvu. Kwanza bomba lilikohoa, kisha likawa linatoa uzi. Masista wakaomba msaada, na kina mama wa kijiji wakaanza kupandisha maji kwa zamu, kama zamani. Mama mkwe wangu alichukua zamu yake juzi. Njia ile ni udongo mwekundu, ikilowa ni kama imepakwa samli. Aliteleza karibu na juu kabisa, debe likaenda upande wake na yeye upande wake, akavunjika mkono. Akalazwa kwenye hospitali ile ile aliyokuwa akiipelekea maji.

Nilipoenda kumwona alikuwa amelala anatazama dari. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, kile chuma chako kimeumwa tena?"

Nilimwambia tutakifungua tuone.

Jana mimi na Perpetua tulishuka kwa baba yake. Ni lazima nieleze hapa kwamba sehemu kubwa ya mchanga unaoingia kwenye mfereji wetu inatoka kwenye vinyungu vyake, yaani zile bustani za bondeni anazolima kando ya mto, juu kidogo ya pale tunapochukulia maji. Kila mwaka jembe lake linasogea. Sasa limefika kwenye ukingo wenyewe. Mstari wa mwisho wa maharage unaweza kunywa maji bila kuinama. Mvua ikinyesha, ukingo unabomoka kidogo kidogo, na unakuja kwangu.

Tulimkuta analima ndani ya mvua, gunia kichwani.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene. Mama yenu ameamkaje?"

"Ameamka salama. Mkono umefungwa."

Aliendelea kulima. Nikavua kofia, nikaacha mvua ininyeshee, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuonyesha heshima mbele ya mtu aliyenipa mgongo.

"Baba, nimekuja kuomba. Ukingo huu uupumzishe. Hatua chache tu, nyasi ziote. Mchanga wa hapa wote unaingia kwenye mashine."

"Umetumwa na Bruda?"

"Hapana. Nimekuja kama mtoto wako."

"Basi mtoto wangu amejifunza maneno ya Bwana Shamba." Akasimamisha jembe. "Yule alipita hapa na kamba yake. Chimba matuta hivi, usilime pale. Nikamwuliza, nile wapi? Akasema ni sheria. Mkwe, wewe una macho. Tambarare yote ya juu ni ya misheni. Kuna miti ya matunda na nyasi za ng'ombe wao. Mimi nimebakiwa na bonde. Vinyungu hivi ndivyo vilivyomsomesha huyo uliyekuja naye."

Perpetua akasema polepole, "Baba, Mama ameanguka kwa sababu maji hayapandi."

"Mama yako ameanguka kwa sababu njia inateleza."

Akarudi kwenye jembe lake.

Kilichoniudhi ni kwamba katika maneno yake yote sikuona uongo. Ningekuta uongo ningeushika nikaondoka nao nyumbani nikiwa nimeshinda. Tulipanda kilima, na Perpetua akanibania chakula, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa baba yake.

Jioni hiyo hiyo mzee alimpelekea mkewe uji. Hili nimesimuliwa na sista wa zamu, aliyeliona kwa macho yake. Mama mkwe aliutazama uji, akamwuliza mumewe, "Maji ya uji huu umeyapandisha mwenyewe?" Mzee akasema hapana, amepika mtoto wa jirani. Mama akageukia ukutani. "Basi kapandishe kwanza, halafu nitakunywa."

Hakunywa.

Leo asubuhi tukafunga mlango wa mfereji, tukafungua gurudumu. Mvua inapiga paa la bati, mimi na Bruda tumelowa mpaka kwenye mfupa. Tuliliinua kwa mnyororo, nikapitisha mkono kwenye tumbo la panga la kwanza. Laini, gumu, zima kabisa, kama tulivyolifunga. La pili vile vile. Nikaanza kuimba.

Kisha kidole kikazunguka kwenda nyuma.

Mgongo wa panga ulikuwa umeliwa. Si kukwaruzwa, umeliwa, mashimo kama ya mkate ulioingiliwa na panya. Mahali pengine ningeweza kusukuma kidole nikakutana na ile ngozi nyeupe ya upande wa pili, imebaki peke yake, nyembamba, haina cha kuiegemeza. Panga moja kipande chake hakikuwepo kabisa. Kimeondoka na maji, labda sasa kiko Ruaha na viboko wanakitazama.

Nilitupa spana. Niliitupa kwa nguvu, ikagonga ukuta wa mawe ikarudi karibu na mguu wa Bruda.

"Pole pole, Ambakisye," alisema.

Nikamwambia pole pole haifungui nati. Sijawahi kumjibu hivyo.

Hakukasirika, na hilo nalo lilinikera. Alichuchumaa, akachukua kipande cha chaki, akachora sakafuni jinsi maji yanavyopita. Yakigonga tumbo yanateleza, lakini yakivuka ukingo yanajikunja na kuzunguka nyuma ya panga, na mchanga unazunguka nayo kama pepe kwenye ungo. Tuliliona tumbo tu kwa sababu tumbo ndilo linaloonekana. Tukaliokoa tumbo, tukausahau mgongo. Sote wawili. Nilitaka sana kosa liwe la kwake peke yake.

"Tuchome na mgongo," alisema.

"Moto haupindi kona, Bruda. Nafasi kati ya panga na panga haiingizi hata ngumi. Mdomo wa gesi umenyooka."

Akaweka chaki chini. Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa tangu masika ianze: kwamba basi hakuna njia, itabidi amwandikie Bwana Shamba, yule mzee aondolewe ukingoni. Amevumilia vya kutosha. Kuna wazazi wadini, kuna watoto wachanga, na mtu mmoja na maharage yake anawanyima maji.

Nilifuta mikono. Nilimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima wala ya matusi, kwamba akiandika barua hiyo atafute na fundi mwingine. Sikupanga kusema hivyo. Mimi mwenyewe usiku wa jana nililaani yale maharage mstari kwa mstari. Lakini nimeona watu walivyotolewa kwenye mashamba yao kwa kalamu, na huyu ni babu wa mwanangu.

Bruda alisimama, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, akatoka akaingia kwenye mvua kuelekea kanisani. Ni kawaida yake. Akikasirika huenda kusali, na wewe unabaki hapo na hasira yako huna pa kuipeleka.

Nikabaki na magurudumu mawili, la zamani lililokufa na la akiba linalokufa.

Sijui nilikaa muda gani. Niliposikia nyayo mlangoni nilidhani ni yeye amerudi. Alikuwa baba mkwe. Amelowa chapachapa, suruali imejaa udongo mwekundu mpaka magotini, na mkononi ana debe tupu.

Sikuamini mpaka nilipoona kata ya majani bado iko kichwani mwake. Mzee huyu, ambaye hata maji ya kuoga hupelekewa, alikuwa amepandisha debe la maji kilimani. Wanaume wa hapa hawabebi maji kichwani. Ni lazima alipita mbele ya uwanja wa kanisa, mbele ya kila mtu.

"Amekunywa uji?" nilimwuliza.

"Nusu." Akaliweka debe chini. "Njia ile ni ndefu kuliko nilivyokuwa nikiiona."

Akakaribia gurudumu. Hakuniomba ruhusa. Aliingiza mkono kati ya mapanga, mkono mkubwa wa jembe, akapapasa tumbo, kisha kwa shida akafikisha vidole mgongoni. Akavitoa, akavitazama.

"Huku nyuma umekula mchanga wangu?"

"Si wako wote, Baba. Lakini mwingi."

"Na huku mbele mbona haukula?"

Nikamweleza habari ya ngozi iliyoyeyushwa, moto, sabuni, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Basi choma na nyuma."

Mungu anisamehe, nilitamani kucheka na kumtupia spana kwa pamoja. Watu wawili, mmoja amesoma ng'ambo na mwingine hajawahi kushika nyundo, wananiambia maneno yale yale kana kwamba mimi nimekaa hapa kwa kukosa wazo. Nikamweleza tena, safari hii kwa mikono, kwamba moto haupindi kona.

"Bomba lake ni la nini?"

"Shaba."

"Shaba haipindi?"

Inapinda. Tatizo ni kwamba bomba jembamba ukilipinda linajifinya, gesi haipiti. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia hivyo ndipo nikakumbuka kwamba dawa ya kufinya ipo na mimi naijua, nimeifanya mara nyingi kwenye mabomba ya mafuta kule machimboni. Unalijaza bomba mchanga mkavu, laini, uliochekechwa. Unaziba ncha zote mbili. Unapasha, unapinda, tumbo la bomba linabaki duara kwa sababu kuna kitu ndani kinachokataa kufinywa. Nilikuwa nimekasirika sana kiasi cha kusahau kazi yangu.

Na mchanga, hilo sina shida nalo.

Mzee aliujaza kwenye debe lake kutoka kwenye birika, akaukausha juu ya bati kwenye mkaa, nami nikauchekecha kwa kitambaa. Nikakata kipande cha bomba la shaba, nikakijaza, nikakipinda kama shingo ya korongo anayeangalia mgongo wake. Nikautoa mchanga, nikapuliza, nikagonga, nikapuliza tena, maana punje moja ikibaki inaziba moto. Nikaifunga shingo kwenye mdomo wa gesi. Moto ukatoka mdogo, wa buluu, umetazama nyuma.

Tukaliweka gurudumu la zamani kwenye mkaa. Mzee akashika mvukuto bila kuambiwa. Alivukuta vizuri, kwa mwendo mmoja, kama anavyolima. Sabuni niliyopaka kwenye panga ilianza kuwa rangi ya chai.

Hapo ndipo Bruda aliporudi. Alisimama mlangoni anatazama: mtu wa maharage anavukuta moto wake. Bruda akatundika joho lake, akavaa glavu, akashika koleo, akaligeuza gurudumu ili nafasi ya panga inielekee. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, watu watatu ambao asubuhi kila mmoja alikuwa na neno baya kwa mwenzake.

Sabuni ikawa kahawa. Safari hii hakuna aliyebishana juu ya maana yake.

Niliingiza shingo kati ya mapanga. Kwanza chuma hakikufanya kitu. Kisha ngozi yake ikatoka jasho, ikang'aa, ikawa kidimbwi kidogo kinachotetemeka kama zebaki, nami nikaanza kukisogeza. Siri ni kutosimama. Ukisimama unatoboa, ukikimbia unaacha madoa ambayo hayakuyeyuka, na mchanga utayapata tu, mchanga hauna haraka. Nyuma ya moto, chuma kilikuwa kinaganda papo hapo, kwa sababu mwili wote wa gurudumu ulikuwa unanyonya joto lile. Nilifika kwenye ukingo wa panga nikazima.

Tukalifukia kwenye majivu. Tukangoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko moto. Tulikuwa tunasikiliza ile tik. Bruda anasikiliza na kiko hakijawashwa. Mzee anasikiliza ingawa hajui anachosikiliza. Nje mvua ilikuwa inazidi, na kila tone lililogonga bati nilidhani ni ufa.

Haikulia.

Liliposhikika tulilifuta majivu. Nikapitisha kidole mgongoni. Kulikuwa na mikunjo midogo kama ya kitambaa kisichopigwa pasi, na ufa mmoja mwembamba kama unywele karibu na kitovu, ambao hautembei. Nimeukubali. Nilichukua tupa, nikakwaruza. Tupa iliteleza.

Nikampa mzee. Aliikandamiza kwa nguvu zake zote, ikateleza ikamchuna kiungo cha kidole. Akanyonya damu, akaniangalia.

"Haiumi."

"Haiumi, Baba."

"Sasa mchanga wangu utakula nini?"

"Utakula kitu kingine. Mchanga haukosi chakula."

Bruda alivua glavu. Nilijiandaa kwa habari ya barua. Badala yake aliuliza, "Mzee, maharage yako yanakomaa lini?"

"Mvua zikipungua."

"Na baada ya hapo?"

Mzee aliweka tupa chini taratibu. "Baada ya hapo ukingo nitauacha. Nimeamua mwenyewe, nikiwa na debe kichwani. Si kwa barua ya mtu." Kumbe alijua habari ya barua, huku kilimani hata mawazo yana miguu. "Lakini na wewe uniambie nitalima wapi. Pale juu kuna kipande cha nyasi ambacho ng'ombe wenu hawafiki."

Bruda alisema kipande si chake, ataongea na Padri. Mzee akasema aongee. Bruda akasema hawezi kuahidi. Mzee akasema hata yeye maharage hajayaahidi kukomaa. Wakatazamana, kisha Bruda akawasha kiko, akampa mzee tumbaku kidogo. Mkataba wenyewe ulikuwa huo. Nimeona mikataba iliyoandikwa ambayo haikufika mbali.

Nilipomsimulia Perpetua kwamba baba yake amepita mbele ya kanisa na debe kichwani, alikaa chini jikoni, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka machozi, kisha akapakua chakula. Leo nimepewa cha kushiba.

Ningependa kumaliza hapa, nijisikie nimeshinda. Lakini najua hesabu. Maharage yatakomaa mvua zikishapungua. Maana yake mchanga wa masika hii yote utashuka kama kawaida, na wote ni wangu. Padri anaweza kukataa. Lile panga lililokatika halirudi, na gurudumu litazunguka likichechemea. Nimechoma mgongo mmoja, wa gurudumu lililokwisha kufa. Migongo ya gurudumu linaloishi bado yote inanisubiri, na hakuna anayejua kama itavumilia mpaka meli ije. Labda ngozi itabanduka. Labda mchanga utapata pengine, kwenye kitovu, kwenye sahani inayoshika mapanga, mahali ambapo hata shingo ya korongo haifiki.

Mkaa tumeuacha umefunikwa. Bruda amesema atafika mapema. Mzee naye amesema atakuja kuvukuta akishapandisha debe la asubuhi, na amelisema hilo la debe haraka haraka, akiangalia pembeni.

Nitachoma panga moja baada ya jingine mpaka la mwisho. Kisha nitalala mchana kutwa, na atakayeniita fundi siku hiyo sitaitika.